BARAFU NI CHAKULA
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa mahoteli, majiko na mabaa



Tumepewa nafasi hii tuseme juu ya mashine ya barafu. Pengine wengine wenu mtacheka na kusema, Chama kina mambo makubwa ya mishahara, na saa za kazi, na nyumba za kukaa. Mbona leo twaitwa kusikiliza habari za barafu? Twawaomba mtusikilize mpaka mwisho, kwa maana jambo hili dogo lagusa afya ya mgeni, lagusa afya yenu wenyewe, na tena lagusa kazi yenu. Mgeni akiugua tumbo hotelini, swali la kwanza huwa ni hili: Nani alishika chakula chake? Na mara nyingi jibu hutafutwa kwa yule aliye chini kabisa, wala si kwa yule aliyekataa kununua chujio jipya la maji.

Basi neno letu la kwanza ni hili: barafu ni chakula. Inaingia mdomoni kama vile mkate unavyoingia. Tena ni chakula kisichopikwa. Nyama yenye vijidudu hupita motoni kabla ya kufika mezani, lakini barafu haipiti popote. Inatoka katika sanduku lake, inaingia katika gilasi, mgeni anakunywa. Kwa hiyo uchafu wowote uliomo hufika ulivyo.

Wako watu wengi wanaoamini kwamba baridi huua vijidudu. Hiyo si kweli. Baridi huvilaza, haiviui vyote. Barafu ikiyeyuka ndani ya soda au maji ya machungwa, vile vilivyobaki huamka. Hata ulevi mkali haviogopi sana, kwa maana katika gilasi umekwisha tiwa maji na barafu, nguvu yake imepungua.

Mwaka 1987 huko Marekani, katika majimbo ya Pennsylvania na Delaware, watu wengi walishikwa na kutapika na kuhara. Wachunguzi walipofuata nyayo za ugonjwa walifika kwenye kiwanda cha barafu. Visima vya kiwanda kile vilikuwa vimeingiwa na maji ya mafuriko baada ya mvua kubwa, na kile kirusi cha tumbo kilichokuwamo majini hakikufa kwa kugandishwa. Nchi ile ina mashine nzuri na wakaguzi wengi, na bado barafu iliwaangusha watu. Nasi hapa Kenya tukumbuke mwaka 1997, na 2015, na 2017, miaka ya kipindupindu. Mwaka 2017 ugonjwa ule ulifika hata katika hoteli kubwa za Nairobi, ukawapata watu waliokuja mikutanoni. Hatusemi kwamba barafu ndiyo iliyouleta. Twasema kwamba kipindupindu hupita katika maji na chakula, na barafu ni maji na ni chakula pia, kwa hivyo haina ruhusa ya kusahauliwa.

Sasa yafaa tuijue mashine yenyewe, kwa sababu mtu hawezi kutunza kitu asichokijua. Maji huingia kutoka mferejini, hupita katika chujio, hukaa katika kijitangi kidogo. Pampu huyavuta na kuyamwaga juu ya bamba la chuma lenye baridi kali. Maji hushuka juu ya bamba lile, mengine huganda, na yasiyoganda hurudi kijitangini yakavutwa tena. Barafu ikitosha unene wake, mashine hupeleka gesi ya moto nyuma ya bamba, vipande huachia na kuanguka katika sanduku lililo chini.

Katika kazi hiyo kuna jambo moja la kuangalia. Maji safi ndiyo hutangulia kuganda. Chokaa na chumvi zilizomo majini hubaki nyuma katika kijitangi, nazo huzidi kila mzunguko. Mashine humwaga sehemu ya maji hayo, lakini haimalizi yote. Ndipo hutokea ule ukoko mweupe, ule ule mnaouona ndani ya birika la chai nyumbani. Ukoko huo hushika bamba, barafu ikakataa kuachia. Hushika mipira na mabomba. Na tena una mashimo madogo madogo ambamo vijidudu hujificha, dawa isivifikie.

Ndugu zetu wa Pwani wanalijua jambo hili vizuri zaidi. Maji ya Mombasa hutoka mbali, kama vile Mzima na Baricho, na mfereji ukikauka hoteli hununua maji ya boza au huvuta ya kisima. Maji ya visima vya mwambao mara nyingi yana chokaa na chumvi nyingi. Basi mashine iliyo Diani au Malindi haiwezi kuoshwa kwa kalenda ya mashine inayokunywa maji laini ya milimani. Na maji ya boza hakuna ajuaye tangi lake lilioshwa lini. Siku maji yanapobadilika, yatiwe dawa na kupimwa kabla ya kuingia katika mashine, au mashine izimwe.

Adui wa pili ni ute. Ninyi mnaofungua mlango wa sanduku mmekwisha kuuona: utando wa waridi au kahawia unaoteleza, na pengine madoa meusi ya kuvu juu kwenye pembe za mlango. Watu hudhani sanduku la barafu ni friji. Siyo. Sanduku nyingi hazina baridi yake zenyewe. Ni kuta nene tu zinazozuia joto. Ndani mna giza na majimaji siku zote, na sehemu ya juu, karibu na mlango, haiguswi na barafu. Hapo ndipo ute hupenda kukaa, kisha matone huanguka juu ya barafu iliyo chini. Tena lile chujio zuri linaloondoa harufu ya klorini katika maji huondoa pia ulinzi wake. Maji yakishapita hapo hayana dawa tena, na ute huota kwa raha. Na mashine ikiwekwa karibu na unga wa mikate au mapipa ya bia, hamira huruka hewani ikaingia ndani, uchafu ukaja upesi zaidi.

Adui wa tatu ni mkono. Mashine ikitoa barafu safi kabisa, mkono mmoja mchafu watosha kuharibu sanduku zima. Kwa hiyo tuseme sasa yaliyo ya kila siku, ambayo hayahitaji fundi wala fedha nyingi.

Osha mikono kwa sabuni kabla ya kuchota. Chota kwa skupu, usichote kwa mkono wala kwa gilasi. Gilasi ikivunjika ndani ya sanduku, kipande chake hakionekani kati ya barafu. Na ikivunjika, usitafute kwa vidole. Barafu yote iyeyushwe kwa maji ya moto, sanduku lioshwe na kukaguliwa mpaka chini. Bwana mkubwa akisema, Toa tu vile vipande unavyoviona, mwambie kwa adabu kwamba kile usichokiona ndicho kitakachomkata mgeni koo.

Skupu isiachwe imezikwa ndani ya barafu, maana mpini wake ulioshikwa na mikono kumi hulala juu ya chakula. Iwe na chombo chake nje, safi, chenye kutoa maji, nayo ioshwe kila siku na kutiwa dawa. Ndoo ya kubebea barafu iwe na alama yake, isibebe kitu kingine, isiwekwe sakafuni kisha ikainuliwa juu ya sanduku. Chupa za soda, samaki, maziwa na chakula cha mtu visipozwe ndani ya sanduku la barafu ya kunywa. Barafu iliyolaza samaki ni ya samaki, imekwisha. Na barafu iliyobaki mezani au katika ndoo ya baa hairudi sandukuni.

Mlango ufungwe kila ukimaliza. Stima ikipotea muda mrefu, barafu ikayeyuka na kushikana mabonge, itupwe, sanduku lioshwe, ndipo mashine iwashwe. Bomba la kutoa maji machafu lisiunganishwe moja kwa moja na bomba la choo au mtaro. Lazima iwepo nafasi ya wazi kati yake na shimo la maji machafu, angalau mara mbili ya upana wa bomba, nayo isipungue milimita 25. Mtaro ukiziba na kujaa, nafasi hiyo ndiyo itakayozuia maji machafu yasipande ndani ya sanduku. Jambo hili kila mmoja wenu aweza kulitazama kesho asubuhi.

Kisha kuna kazi ya kila mwezi au karibu na hapo: kufuta vumbi na mafuta katika zile mbavu za chuma zinazotoa joto nyuma ya mashine. Katika jiko lenye kukaanga hujaa upesi. Zikiziba, mashine huhema kama mtu aliyefungwa pua. Barafu huwa nyembamba, chache, na mtambo wa gesi huungua. Tumia brashi laini, stima ikiwa imezimwa, na uangalie mikono maana mbavu zile hukata.

Sasa tuje kwenye kuosha kukubwa. Watengenezaji wengi wa mashine huagiza mara 2 kwa mwaka kwa uchache. Penye maji ya chumvi, au joto kali, au unga na bia, huwa mara 4 au zaidi. Mashine yenyewe ndiyo itakayowaambia: ukiona ukoko au ute, wakati umepita tayari. Chujio la maji nalo hubadilishwa kwa muda wake, mara nyingi kila miezi 6.

Shikeni neno hili: kuna kazi mbili, wala si moja. Ya kwanza ni kuondoa ukoko, nayo hufanywa kwa dawa ya asidi. Ya pili ni kuua vijidudu, nayo hufanywa kwa dawa nyingine. Asidi haikai mahali pa dawa ya vijidudu, wala dawa ya vijidudu haitoi ukoko. Na ukimwaga dawa ya vijidudu juu ya ukoko na ute, unapoteza dawa, kwa kuwa haipenyi.

Mpango ni huu. Barafu yote itolewe na kutupwa. Asidi iliyoagizwa na mtengenezaji itiwe kwa kipimo chake, mashine iwekwe katika swichi ya kuoshea ili izungushe bila kugandisha. Kisha maji safi, mara kadhaa. Halafu stima izimwe ukutani, na kibao kitundikwe: USIWASHE, MTU YUMO KAZINI. Sehemu zinazofunguka zitolewe, zisuguliwe kwa brashi na sabuni, hata pembe za mlango na dari ya sanduku. Zisuuzwe. Ndipo dawa ya vijidudu hupita kila mahali, ikae muda ulioandikwa. Mashine ikianza tena, barafu ya kwanza hutupwa.

Kwa sanduku na skupu, penye kuruhusiwa dawa ya klorini isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 30 katika lita 10 za maji hutoa kiasi cha sehemu 100 kwa milioni, na hiyo yatosha kwa kitu kilichokwisha kuoshwa. Kumwaga nusu chupa si usafi zaidi, ni kuharibu chuma na kutia sumu. Na lile bamba la baridi mara nyingi limepakwa nikeli, nayo huliwa na klorini na asidi zisizo zake. Hapo fuateni kitabu cha mashine. Kitabu kikiwa kimefungiwa ofisini, kiombwe. Mashine isiyo na kitabu ni kama dawa isiyo na maandishi.

Ndugu wanachama, hapa tusimame kidogo, kwa maana ndipo penye roho zenu. ASIDI NA KLORINI ZISIKUTANE KAMWE. Zikikutana hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na katika chumba kidogo kisicho na dirisha yaweza kuua. Mwenzetu huambiwa, Hebu safisha mashine kabla ya wageni kurudi kutoka pwani. Hupewa chupa mbili zisizo na majina, hana glavu, hana miwani, naye kwa bidii yake huzitia pamoja ili kazi iishe upesi. Bidii ya namna hiyo si sifa, ni hatari. Suuza kabisa kati ya dawa ya kwanza na ya pili. Fungua milango. Vaa glavu na miwani. Chupa isiyo na jina usiitumie. Na mambo ya gesi ya baridi na nyaya za stima ni ya fundi wa friji. Mwosha vyombo asisukumwe kufungua yasiyo yake.

Mtatuuliza, Je, haya yote tutayapata wapi, na tajiri hataki gharama? Tuwajibu kwa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanyi kazi mafunzo na maelezo ya kazi ya hatari, pamoja na mavazi ya kujikinga. Penye wafanyi kazi 20 au zaidi yataka pawepo halmashauri ya usalama na afya. Muulize mwakilishi wako: halmashauri yetu ilikutana lini? Mashine ya barafu imeandikwa katika mambo yake? Sheria hiyo hiyo yatutaka na sisi tuvae tulichopewa na tutoe habari ya hatari tuionapo. Basi glavu zikiletwa, zisiuzwe sokoni wala zisipelekwe nyumbani kufulia.

Liko na jambo la ugonjwa. Mtu anayehara au kutapika asichote barafu wala asishike chakula. Penye kirusi cha tumbo hutakiwa akae mbali na chakula mpaka zipite saa 48 tangu kupona. Lakini twajua kwa nini mwenzetu huficha: aogopa kukatwa siku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanyi kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo anastahili likizo ya ugonjwa, siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Msimamizi anayemwambia mgonjwa, Jikaze tu uje, hamuonei mtu mmoja peke yake. Anawalisha wageni wote ugonjwa. Na barafu ile ile ndiyo huletwa chumba cha chakula cha wafanyi kazi jioni.

Tena mgeni akiugua na kosa likatupwa juu yako, Sheria hiyo yasema kwamba kabla ya kufukuzwa kwa kosa la kazi lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoifahamu, na uwe na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama uliyemchagua. Wala kupeleka malalamiko yenye msingi juu ya tajiri si sababu ya haki ya kukuachisha. Lakini malalamiko yenye msingi hutaka ushahidi, na ushahidi haukai kichwani, hukaa katika karatasi.

Kwa hiyo twawaombeni jambo moja kubwa kuliko yote: daftari. Daftari la shilingi chache, lifungwe kwa kamba kando ya mashine. Kila anayeosha aandike tarehe, saa, kazi aliyoifanya, dawa aliyoitumia, na jina lake. Chujio likibadilishwa, liandikwe. Fundi akija, atie sahihi. Na likiombwa jambo lisiletwe, liandikwe pia: tarehe fulani tuliomba chujio, hatukupata, tarehe fulani tuliomba tena. Siku mkaguzi wa afya atakapoingia, tajiri mwema atafurahi kuwa na daftari hilo, maana lamlinda hata yeye. Na yule asiye mwema atakuta ukweli umeandikwa kwa wino.

Mambo tunayotaka wawakilishi wayapeleke mezani ni haya. Moja, kila mashine iwe na mtu wake aliyeandikwa, zamu kwa zamu, kwa sababu mashine ya watu wote ni mashine ya hakuna mtu. Mbili, kuosha kukubwa kupewe saa zake ndani ya zamu, kusiongezwe usiku baada ya kazi bila malipo. Tatu, glavu, miwani, brashi na dawa zenye majina. Nne, mafunzo kwa lugha ambayo kila mtu aifahamu. Tano, kitabu cha mashine na daftari vikae penye mashine.

Hatuombi zawadi katika hayo. Hoteli hupata faida yake kwa jina jema, na jina hilo lashikwa na mikono ya mwosha vyombo kama linavyoshikwa na ya meneja. Nasi kwa upande wetu tufanye kazi ya kuonekana. Chama kikisimama kumtetea mtu ambaye skupu yake ilikutwa sakafuni, kinasimama kwa mguu mmoja. Kikisimama kumtetea mtu mwenye daftari safi, kinasimama kwa miguu miwili.

Kesho mkirudi kazini, fungueni mlango wa sanduku, mpitishe kitambaa cheupe kwenye dari yake na pembe za juu. Kikitoka cheupe, mshukuruni mwenzenu aliyeosha. Kikitoka na rangi, mwiteni mwakilishi, muandike tarehe, na kazi ianze.

Umoja ni nguvu.